Majani Yasiyojaa Kiganja

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, wiki ile niliyofanyiwa operesheni ya jicho nikawa nimefungwa bandeji, siruhusiwi kuinama wala kusoma. Alikuja kunipikia, na kwa kuwa sikuwa na macho ya kutazama kitu, akanipa cha kusikiliza. Nimeyaandika baada ya jicho kupona, kwa mwendo wangu.

Mjukuu wangu huyo alisomea mambo ya mawe na mimea, na arusi yake ikiwa bado haijapoa akapata kazi katika jumba la makumbusho. Wenzake wakampachika jina la Bi Harusi, likamganda. Ila kulikuwa na jambo moja. Mkubwa wake wa kazi, mwenye funguo za chumba cha mawe, alikuwa mama mzazi wa mumewe, na wote watatu walikaa nyumba moja. Asubuhi Mama Mkwe, mchana Mama Mkwe, jioni Mama Mkwe. Bi Harusi alikuwa akimtania mumewe, "Wenzangu wakigombana na bosi wanakimbilia nyumbani. Mimi nikimbilie wapi, juu ya bati?"

Si kwamba mama yule alikuwa mkali. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye vidole vyembamba na miwani miwili, mmoja wa machoni na mmoja wa kichwani. Lakini alikuwa amekaa kwenye chumba kile tangu ujana wake, na neno lake humo halikuwa na wa kulirudisha.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jumba, baada ya stoo ya mafagio. Meza ndefu ya mbao, taa za kukunja shingo, sinki lenye bomba linalodondosha, na rafu za trei hadi darini. Mawe yalitoka kwenye shimo la udongo la kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani. Ukilitazama jiwe kwa nje huoni kitu. Lakini ulisimamishe kwa ubavu, utafute ule mstari mwembamba kama unywele, uweke tindo, ugonge taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, jiwe linafunguka kama kitabu. Ndani pana jani. Limelala humo tangu kabla mtu yeyote hajawa na babu, na mishipa yake unaiona yote.

"Usiligonge hivyo, halijakutukana," Mama Mkwe alimwambia siku ya kwanza. Kisha akamvuta karibu na taa. "Jani ni mdomo wa mti, mwanangu. Litakwambia mti ulikuwa unakunywa nini. Hili unalionaje?"

"Kubwa, Mama. Na ncha yake ndefu."

"Ncha ya kuchuruzishia maji. Mti wenye jani hili ulinyeshewa mpaka ukachoka. Sasa tazama ukingo. Una meno?"

"Hauna. Laini."

"Basi palikuwa na joto. Msitu wenye majani mengi ya kingo za meno ni msitu wa baridi. Wa kingo laini ni wa joto. Majani mapana ni mvua tele, madogo magumu ni shida ya maji. Huhitaji mtu wa zamani zile aje akusimulie. Majani yanatosha."

Bi Harusi haya alikuwa ameyasoma chuoni, lakini alisema kuyasoma na kuyashika mkononi ni vitu viwili.

Shimo lile la udongo lilikuwa na matabaka mawili. La chini lilikuwa na mawe ya manjano, la juu mawe ya kijivu, na kati ya la chini na la juu ulikuwa umepita muda mrefu ambao kichwa hakiwezi kuubeba. Trei za manjano zilijaa majani makubwa. Trei za kijivu zilikuwa chache, lakini nazo zilikuwa na majani makubwa. Kwa hiyo Mama Mkwe, miaka yote, alikuwa na usemi wake mmoja kwa watoto wa shule waliokuja kutembelea jumba: "Msitu huu ulisimama toka chini mpaka juu. Dunia ilibadilika, wenyewe haukutikisika." Watoto walipenda kuusikia. Walimu nao waliupenda, maana hizi ni nyakati ambazo mvua ikichelewa kidogo kila mtu anatazama juu kwa wasiwasi.

Sasa Mama Mkwe alikuwa anastaafu. Kumuaga, jumba liliamua kuchora msitu wake kwenye ukuta mzima wa ukumbi mkubwa, uzinduliwe Jumatatu, yeye mwenyewe akate utepe. Mchoraji alikuwa jamaa mrefu mwenye kofia ya gazeti, anayeongea na ukuta zaidi kuliko anavyoongea na watu. Alikuwa ameujaza kijani kutoka sakafuni hadi dari. Mama Mkwe alipita kila asubuhi kuutazama, anaondoa miwani, anairudisha, anaenda zake. Bi Harusi alimwona mara moja akiugusa kwa kidole pale rangi ilipokauka.

Katika chumba cha mawe kulikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuna aliyeuuliza. Mtunzaji wa kwanza kabisa, aliyemfundisha Mama Mkwe, alikuwa ameagiza trei zote kwa seremala zikatwe kwa kipimo cha kiganja. Jani likijaa kiganja, linalazwa kwenye trei. Lisipojaa, linaitwa chenga, linaenda kwenye ndoo. Ndoo ikijaa inatolewa nyuma, na Mtunza Bustani anaimwaga kwenye njia ya kwenda bombani ili watu wasikanyage tope. Bi Harusi naye alijaza ndoo zake kama alivyofundishwa.

Usiku wa kuamkia Jumatano mvua ilinyesha mpaka kukacha. Asubuhi alibeba ndoo ya chenga, akafika katikati ya njia, mguu ukaenda huku na mwingine kule, akakaa chini puu, sketi na yote.

"Pole, Bi Harusi!" Mtunza Bustani aliita akiwa dirishani kwake na kikombe cha chai. "Umeanguka?"

"Hapana, nimekaa kupunga upepo!"

Alitaka kuinuka, lakini hakuinuka. Mvua ilikuwa imeosha njia ikatakata, na mbele ya goti lake palikuwa na jiwe la kijivu lenye jani. Jani dogo kama ukucha. Halikuwa kipande. Lilikuwa zima, lina kikonyo chake, ukingo laini, nene kama ngozi. Pembeni yake lingine. Na lingine. Alitambaa kwa magoti kama mtoto, akigeuza mawe. Kwenye chenga za manjano aliona vipande vya majani makubwa yaliyovunjika, kama inavyotakiwa chenga kuwa. Kwenye za kijivu majani yalikuwa mazima. Yalikuwa madogo kwa sababu yaliota madogo.

Hapo ndipo alipoelewa. Tabaka la juu halikuwa na majani makubwa matupu. Lilikuwa limejaa majani madogo ya mahali penye shida ya maji, na yote yalikuwa yakitupwa kwa sababu hayajai kiganja. Kwenye trei yalibaki yale makubwa machache, labda ya miti ya kando ya mto. Msitu ulikuwa umekauka. Ushahidi wake ulikuwa ukikanyagwa kila siku na watu wanaoenda kuchota maji. Na Jumatatu Mama Mkwe atasimama mbele ya ukuta wa kijani, kwa siku yake ya mwisho, aseme haukutikisika.

Alijaza mfuko wa koti. Siku nzima alitaka kumwambia Mama Mkwe. Kila alipofungua kinywa, Mama Mkwe alikuwa anaimba kidogo kidogo huku akipanga trei zake kwa mara ya mwisho, na kinywa kikajifunga chenyewe.

Jioni, nyuma ya nyumba, aliyaosha mawe yale kwa mswaki wa zamani, mumewe akiwa pembeni na mota ya friji ya mtu magotini. Yeye ni fundi wa mafriji. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa.

"Sasa mwambie," akasema.

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Mimi? Mke wangu, mimi mchuzi ukizidi chumvi sijawahi kumwambia, seuze msitu!"

Na hilo lilikuwa kweli. Mama Mkwe alipika kila jioni, hakumwachia mtu sufuria, na mkono wake ulikuwa mzito wa chumvi tangu hapo. Mwanawe alikula akanyamaza. Mkewe alikula, akanyamaza, akanywa maji.

"Ukimwacha akaseme vile Jumatatu," Bi Harusi alisema, "siku moja atakuja mtu mwingine aokote yale majani. Atamcheka, naye hayupo pale kujibu."

"Na ukimwambia?"

"Nitakuwa mkwe aliyemharibia siku yake. Nitakaa naye nyumba hii hivyo hivyo mpaka lini?"

Mume alifuta mikono, akarudi kwenye mota yake. Bi Harusi alipanga majani yake kwenye mkebe wa chakula, akayafunika kwa kitambaa, akauweka jikoni kwenye rafu. Aliomba Mungu ampe ujanja hadi asubuhi.

Asubuhi ujanja haukuja. Lililokuja ni kosa la mikebe. Mama Mkwe alikuwa amenunua mikebe mitatu ya aina moja, rangi moja, kila mtu na wake. Akachukua wa juu, akautia kwenye kikapu, wakaondoka.

Mchana walikaa mezani kama kawaida, wakasukuma tindo pembeni, wakanawa. Mama Mkwe akafungua mkebe, akafunua kitambaa. Akatazama.

"Mwanangu," alisema polepole, "mimba ndiyo hii? Umefikia kula mawe?"

Bi Harusi alitamani sakafu ifunguke kama wanavyofungua mawe. "Si chakula, Mama."

"Naona." Alikuwa ameshalitoa moja. Akashusha miwani ya kichwani, akavuta taa. Akatoa la pili. Bomba likadondosha, tone, tone. Alipofika la nne au la tano mkono wake ulianza kwenda haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Umeyatoa wapi?"

"Njiani, Mama. Ile njia ya bombani."

"Nani aliyatupa?"

"Mimi."

"Hujafika hata mwaka. Kabla yako?"

Bi Harusi alitazama mikono yake. Mama Mkwe aliyarudisha mawe ndani. Alifunika mkebe, akaunyoosha ukae sawa na ukingo wa meza, akarudi kwenye trei zake. Hakula, hakuimba. Walipotoka jioni hakupita ukumbini kuutazama ukuta. Walitembea hadi nyumbani, yeye mbele, mkwe nyuma, na Bi Harusi alivitazama vile visigino vya viatu vyake njia nzima akijiambia, basi, nimekwisha.

Nyumbani Mama Mkwe alipika kama siku zote. Mwanawe aliingia jikoni akicheka, "Mama, leo umesahau mkebe wako, nimekula mara mbili," akaona nyuso, akakaa kwenye kiti chake. Wakapakua. Wakaanza kula.

"Ulikaa nayo tangu lini?" Mama Mkwe aliuliza, macho kwenye sahani.

"Tangu jana asubuhi, Mama."

"Na mimi nilikuwepo hapo hapo. Uliogopa nini? Nitakufukuzisha kazi?"

"Kazi ningetafuta nyingine." Bi Harusi alisogeza sahani. "Mama mkwe ningemtafuta wapi?"

Mama Mkwe aliinua kichwa. Alimtazama kwa miwani ya machoni, kisha bila miwani. "Kuna lingine unaloniogopea?"

Bi Harusi akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari, kana kwamba kuna kitu kinavuja. Bi Harusi akapiga moyo konde.

"Mchuzi, Mama. Chumvi huwa inazidi."

Mume alipaliwa akakohoa mpaka machozi. Mama Mkwe alichota, akaonja, akaweka kijiko chini. "Wewe," akamwambia mwanawe, "na kikohozi chako hicho. Inazidi tangu lini?"

"Tangu... nilipokuwa shule ya msingi, Mama."

"Shule ya msingi!" Akashika kifua. "Na huyu mtoto wa watu kila jioni anakunywa maji kama ngamia, mimi nimekaa nafurahi, nasema moyoni mjukuu yuko njiani!"

Aliyeanza kucheka sijui ni nani, lakini mwisho walicheka wote, na Mama Mkwe zaidi, mpaka akavua miwani yote miwili akafuta macho kwa ncha ya kanga. Ila alipomaliza kucheka aliendelea kufuta.

"Nimewaambia watoto wengi," alisema. "Wengine sasa wana watoto wao. Nikisema haukutikisika, unawaona mabega yanashuka, wanatulia. Nilipenda kuona wanatulia. Na mimi mwenyewe nilikuwa natulia."

"Sasa tuwaambieje, Mama?"

"Tuwaambie ulichokiona ulipoanguka." Akavuta bakuli la mchuzi. "Lete maji ya moto tuupunguze huu."

Ijumaa asubuhi Mtunza Bustani alifungua dirisha akakuta njia yake inafukuliwa. Wanawake wawili wamepiga magoti, magunia chini, ndoo kila upande.

"Jamani! Na tope langu mtalifunika na nini?"

"Shuka utusaidie, utajua baadaye," Mama Mkwe akamjibu. Akashuka, akinung'unika, na kumbe alikuwa na jicho zuri. Walipanga juu ya turubai: manjano kule, kijivu huku, na hakuna kilichotupwa, hata cha ukubwa wa punje. Kadiri turubai lilivyojaa ndivyo jambo lilivyokuwa wazi. Kijivu kilikuwa majani madogo kwa madogo. Tena kwenye mawe mengine palikuwa na chembe nyeusi. Mama Mkwe alizisugua, zikamwachia weusi kidoleni.

"Makaa," alisema. "Palikauka mpaka pakawaka."

Jua lilipopanda alitulia ghafla, jiwe la kijivu mkono mmoja, la manjano mkono mwingine. "Njoo, mwanangu. Fuata mishipa, usitazame ukubwa."

Bi Harusi alifuata. Mshipa wa kati, matawi yake, yalivyopinda kabla ya kufika ukingoni yakashikana. Jani moja lilikuwa kama sahani, lingine kama ukucha, lakini mchoro ulikuwa uleule.

"Ni ukoo mmoja, Mama!"

"Ukoo mmoja. Wengi waliondoka, hawa wakabaki. Ila walitikisika, tena sana. Walijipunguza." Aliyaweka mawe yale mawili pamoja kwenye kanga, akayafunga kwa fundo. Alisema haitoshi bado kusema mvua ilipungua kiasi gani. Itabidi kuhesabu upya kila kitu, hata zile trei za zamani, na kutazama kwa hadubini vile vitundu ambavyo jani lilikuwa linapumulia. "Jumanne nitarudi kuhesabu. Nitakuja kama mgeni. Utanifungulia mlango wewe."

Alimpigia simu mkuu wa jumba, wakaongea kirefu mlango umefungwa. Akatoka, akaenda moja kwa moja ukumbini.

"Shuka kidogo," akamwambia Mchoraji. "Nusu ya juu siyo."

Mchoraji alishuka ngazi pole pole kama mtu anayeitwa msibani. "Siyo vipi, Mama? Kijani hakijakukolea?"

"Kimekolea mno. Chini acha. Juu nataka miti iliyoachana, majani madogo, nyasi, na weusi wa moto kwa mbali. Mto pembeni, na miti mikubwa kandokando yake tu."

"Mama yangu, nimemaliza kijani cha maduka yote ya mji huu!"

"Vizuri. Sasa kamalize kahawia."

Alilalamikia ukuta saa nzima, kisha akaanza kupaka. Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili asubuhi walikuwa wote pale. Bi Harusi alimshikia majani madogo karibu na taa ayaone, mume alileta chakula na kufunga taa za ziada, Mama Mkwe alikaa kwenye kiti akisema, "Punguza hilo. Bado kubwa. Hapo, hapo." Palipokuwa pameandikwa juu ya mlango kuwa msitu haukutikisika, alipafuta yeye mwenyewe kwa tambara. Hakuandika kitu kingine. Alisema Jumatatu atawaeleza watoto kwa mdomo, na kila mmoja atapewa jiwe moja la njiani alishike.

Jumapili mchana kazi iliisha. Ukisimama mlangoni uliona ukuta unaanza na kijani kizito, unapanda, unafunguka, mpaka juu kabisa pana mwanga na miti midogo iliyoshikilia. Mama Mkwe aliutazama bila kuondoa miwani. Hakuugusa, maana rangi ilikuwa bado mbichi.

"Basi," akasema.

Walikula pale pale sakafuni, chakula alichopika Bi Harusi, na Mama Mkwe alionja akasema hakina chumvi kabisa, wakamzomea wote. Mchoraji alijinyoosha juu ya mbao zake, kofia ya gazeti usoni, akawa wa kwanza kukoroma. Mume akajiegemeza ukutani upande uliokauka, kichwa kikaanguka. Mama Mkwe alishika kile kifurushi cha kanga chenye mawe mawili, akakipakata, akasema anafumba macho tu, halali, na usingizi ukamchukua katikati ya neno.

Bi Harusi alikusanya mikebe, akaifuta, akaipanga. Kwenye wa Mama Mkwe alifunga kipande cha uzi mwekundu ili usichanganyike tena. Kisha akalala chali kwenye sakafu ya baridi, miguu yake upande wa msitu wa chini, macho kwenye majani madogo ya juu. Alijaribu kuyahesabu, yakaanza kuingiliana, na naye akapitiwa na usingizi.